Gunia la Kilo Kumi na Mbili

Dukani Sisimiut, safu ya nne, kati ya sabuni na risasi,
nimesimama mbele ya magunia
kama mtu anayesomewa mashtaka.
Kila gunia lina mbwa wake wa picha
anakimbia, ulimi nje, kwenye bustani iliyofyekwa,
bustani ambayo Miteq hajapata kuiota hata usingizini.

Nasoma lebo kwa kidole.
Mchele. Mafuta ya alizeti. Unga wa kuku.
Protini, asilimia kumi na nne.
Mahindi.
Mahindi!
Miaka kumi na moja amevuta sleji
akila sili aliyeganda, wa kupasuliwa kwa shoka,
vipande vikiruka kama vigae
naye akividaka vingali hewani,
leo nimpelekee mahindi.

Lakini daktari wa mifugo alikwishaandika:
figo zimechoka. Nyama ipungue. Chumvi isiwepo.
Karatasi yake nimeibandika jikoni
ubavuni mwa karatasi nyingine, ya hospitali, ya baba,
na asubuhi moja, usingizi ungali machoni,
nilisoma ya mbwa nikampikia baba.
Hakulalamika. Alisema tu,
"Leo kina ladha kidogo."

Mjomba Hendrik ana ushauri mfupi.
Huuweka nyuma ya mlango, huupaka mafuta kila Jumapili.
"Mbwa asiyevuta," asema, "ni mdomo mtupu."
Wala si ukatili wake; ndivyo walivyofanya wote,
sili walipokuwa wachache na minyororo mingi.
Baba alimsikiliza hadi mwisho, akageukia ukuta.

Miteq ndiye aliyegoma mwaka ule
katikati ya ghuba, njia nyeupe, shwari, haina kasoro.
Alijilaza. Akachapwa. Hakuinuka.
Baba akashuka, akachoma theluji kwa fimbo:
maji.
Tangu siku ile nyumbani kwetu
hatuulizani kama mbwa huyu anafaa.
Tunaulizana amekula nini.

Nikachukua gunia la bluu, ghali kuliko viatu vyangu,
nikaliburuta hadi bondeni, kwenye minyororo.
Miteq akanusa. Akanitazama.
Akazunguka, akainua mguu,
akalikojolea bakuli taratibu, bila chuki.
Siku ya pili alizifukia punje thelujini.
Siku ya tatu kunguru walinenepa
na mimi nikaanza kuhesabu mbavu.

"Chakula kizuri kisicholiwa ni changarawe,"
baba alisema usiku, macho kwenye dari.
Kisha, kama anayeuliza habari za hali ya hewa:
"Jana ulimchemshia jirani sili?"
"Nilimchemshia."
"Yale maji umeyamwaga?"
Sikuwa nimeyamwaga.

Alfajiri niliyabeba kwenye chupa ya chai,
nikayamimina juu ya punje. Mvuke ukapanda,
na humo ndani, naamini, ukapanda ukoo wake wote,
mama yake, bibi yake, kila pua iliyomtangulia.
Alisimama, miguu ya nyuma ikitetemeka.
Alikula polepole, kama msomaji
anayeruka maneno asiyoyajua,
kisha akayarudia.
Punje tatu alizilamba, akaziacha.

Sijui kama hicho ndicho chakula chenyewe.
Daktari angekunja uso,
maana shahamu ilielea juu, nyembamba, kama ukucha.
Mjomba angecheka hadi kukohoa.
Gunia limebaki na kilo kumi na moja.

Nyumbani, wali usio chumvi uko mezani,
umepoa, haujaguswa, kijiko kimelala ubavu.
Baba amekaa na koti lake la safari,
hana safari.
"Amekula?"
"Amekula."
Akaivuta sahani.